Kuchagua habu ya gia kwa baiskeli ya umeme yenye mkanda

Mkanda hauruki kutoka sproketi (gurudumu dogo la meno) moja kwenda nyingine kama mnyororo. Una njia moja tu, na sproketi za mbele na nyuma lazima ziwe kwenye mstari ulionyooka. Kwa hiyo ukishaamua kutumia mkanda, gia itabidi zijifiche mahali: ama ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma, ama kwenye boksi la gia pale penye pedeli. Hilo la pili, mfano wake MGU ya Pinion ya mwaka 2023 yenye mota na gia ndani ya ganda moja, linadai fremu iliyoundwa kwa ajili yake tangu mwanzo, kwa hivyo naliweka kando. Leo ni habu.

Watu wengi huniuliza kwanza gia ngapi. Mimi huwauliza mota iko wapi.

Kama mota iko gurudumu la mbele, habu ya nyuma inapokea nguvu za miguu yako peke yake, na uchaguzi ni mwepesi. Kama iko gurudumu la nyuma, kwa kawaida nafasi ya habu ya gia imeshakaliwa na mjadala umeisha. Kazi ipo kwenye mota ya kati, ile iliyo penye pedeli. Hapo nguvu ya mota na nguvu ya miguu hukutana kwenye krenki (mikono inayoshika pedeli na ekseli yake), husafiri pamoja kwenye mkanda, halafu huingia zote kwenye vigia vidogo vilivyomo ndani ya habu. Habu nyingi hufia hapo.

Tufanye hesabu, maana si ngumu. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm. Mota ya Bosch Performance Line CX, kwa mfano, imetangazwa kwa miaka mingi kuwa na 85 Nm. Mtu wa kilo 80 akisimama juu ya pedeli moja, krenki ikiwa ya milimita 170, anaongeza kama 133 Nm kwa sekunde hiyo. Jumla 218 Nm kwenye krenki. Lakini habu haipokei 218. Ukiwa na meno 46 mbele na 22 nyuma, uwiano, yaani meno ya mbele gawanya kwa ya nyuma, ni karibu 2.1, na kinachofika kwenye habu ni 218 gawanya kwa 2.1, takriban 104 Nm. Badilisha sproketi, weka 42 mbele na 28 nyuma: uwiano unashuka hadi 1.5, na habu ileile sasa inapokea kama 145 Nm. Mota haijabadilika, mpanda baiskeli hajabadilika uzito, ila umeongeza mzigo karibu asilimia 40 kwa kubadilisha vyuma viwili tu.

Sasa angalia mvutano uliopo. Mwenye baiskeli anataka uwiano mdogo, kwa sababu unampa gia nyepesi ya mlimani. Habu inataka uwiano mkubwa, kwa sababu unaipunguzia torki. Karibu kila ushauri ninaoutoa kuhusu habu hizi ni namna ya kuamua ugomvi huo.

Chukua Shimano Nexus ya gia 8. Gia ya kwanza ni 0.527, yaani sproketi ya nyuma ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 0.527; ya tano ni moja kwa moja, ya nane ni 1.615; upana wake wote, yaani gia nzito kabisa ikilinganishwa na nyepesi kabisa, ni 307%. Ukiifunga na uwiano wa 2 na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, gia ya kwanza inakusogeza kama mita 2.3 kwa kila mzunguko wa krenki. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 8 na kidogo kwa saa. Kwa mlima wa kawaida, mota ikisaidia, inatosha. Kwa mlima mkali na mzigo nyuma, utajikuta unazungusha taratibu mno, na mota ya kati haipendi hivyo: hupata joto na kula betri.

Rohloff Speedhub, ya Ujerumani, iliyo sokoni tangu mwaka 1998, ina gia 14 na upana wa 526%. Gia yake ya kwanza ni 0.279. Kwa uwiano uleule wa 2 inakusogeza kama mita 1.2 tu kwa mzunguko, kilomita 4 na ushei kwa saa. Umepata gia nyepesi bila kuitesa habu. Ndicho unacholipia pale, na bei yake si ya mchezo. Wingi wa gia ni nyongeza. Hatua kati ya gia na gia ni sawa kote, karibu 13.6%, tofauti na Nexus 8 ambayo kutoka ya tano kwenda ya sita unahisi pengo la zaidi ya 20%. Ndani yake zimo pini za plastiki zilizowekwa makusudi zikatike kwanza torki ikizidi, ili meno yapone. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Kasoro yake ni kelele kwenye gia 1 hadi 7, na pale kati ya 8 na 7 ambapo usipolegeza mguu inaweza kukurusha gia nzito kwa kitambo. Wengine huzoea, wengine hulalamika mpaka wanaiuza.

Upande wa juu usikuumize kichwa. Kwa baiskeli za Ulaya ambazo mota hunyamaza kwenye kilomita 25 kwa saa, Nexus 8 niliyoieleza inafika kama 32 kwa mizunguko 75 ya krenki. Juu ya hapo ni miguu yako na upepo. Gia za kukimbia 45 ni mzigo unaoubeba bure.

Kubadilisha gia ni habari nyingine, na naipa uzito kuliko wauzaji wanavyoipa. Habu za gia za kawaida hufanya kazi kwa vikucha vidogo vya chuma vinavyonasa na kuachia ndani. Kikucha kilichobanwa na 100 Nm hakiachii vizuri. Ama kinagoma, ama kinateleza na kunasa kwa kishindo. Nikifungua habu iliyobadilishwa gia kwa nguvu miezi mingi, nakuta ncha za vikucha zimelika zikawa mviringo, na grisi inametameta unga wa chuma. Mifumo ya kubadilisha gia kwa umeme, kama Di2 ya Shimano au E-14 ya Rohloff, huwasiliana na mota ili ipunguze nguvu kwa kitambo gia inapoingia. Ukitumia waya wa kawaida, kazi hiyo ni ya mguu wako. Kama unajijua kuwa husubiri, usinunue habu ya vikucha ya waya kwa mota kubwa.

Kwa mtu wa namna hiyo kuna Enviolo, zamani NuVinci. Haina gia za kuhesabu. Ndani mna mipira ya chuma inayobadilisha mwelekeo, na uwiano unateleza bila ngazi. Unaweza kubadilisha ukiwa umesimama kwenye taa au katikati ya mlima. Toleo la City lina upana wa 310%, Trekking na Cargo 380%. Ni nzito, karibu kilo 2.5, na hupoteza nguvu zaidi ya habu za meno. Bila mota nisingeipanda. Kwa mota ya kati na mzigo wa watoto wawili, ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi.

Nexus ya gia 5, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za umeme, hudharauliwa kwa sababu ya namba. Upana 263%, ni kweli ni mdogo. Lakini mahali tambarare ningeichukua kabla ya Alfine 11, habu ya Shimano ya gia 11, ambayo 409% yake inavutia kwenye karatasi ila mimi siiweki nyuma ya mota yenye nguvu.

Ukisoma karatasi za watengenezaji, angalia wanapima nini. Mmoja anataja torki ya mota, mwingine torki inayoingia kwenye habu, mwingine anakupa uwiano wa chini kabisa wa sproketi na kunyamaza. Namba hizo huwezi kuzilinganisha kabla ya kuzipeleka sehemu moja kwa hesabu ya hapo juu.

Mkanda wenyewe una masharti yake. Nyuzi zake za kaboni hazikatwi zikaunganishwa, hivyo kwa kawaida fremu lazima ifunguke upande wa nyuma ili mkanda upite. Urefu huja kwa idadi maalumu za meno, kwa hiyo ukibadilisha sproketi baadaye huenda ukalazimika kununua na mkanda mpya. Usiukunje wala kuupindua ndani-nje. Na usiukaze kupita kiasi ukidhani ndiyo usalama: mvuto huo unalala juu ya beringi za habu saa zote, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa. Kuna programu ya simu inayosikiliza mlio wa mkanda ukiupiga kwa kidole na kukupa kipimo, itumie.

Breki na ekseli angalia mapema. Nexus na Alfine zina ekseli ya nati yenye pande bapa, haziingii kwenye fremu ya ekseli ya kupenya, ile fimbo inayochomekwa kupitia katikati ya habu. Rohloff ina toleo la ekseli ya kupenya ya milimita 12, ila diski yake ni ya bolti nne. Sproketi za mkanda nazo hutofautiana tundu kwa kila habu, kwa hiyo agiza habu kwanza, kisha sproketi zake, na urefu wa mkanda uupime mwisho, gurudumu likiwa limeshakaa kwenye fremu.