Kibanda hakikutunga nyimbo: dhana potofu kuhusu albamu ya For Emma, Forever Ago

Kila anayeisimulia albamu hii huanza na theluji. Kijana kaachwa na mpenzi, bendi yake imevunjika, anajifungia porini kwenye kibanda kisicho na umeme, analia miezi mitatu, anatoka na nyimbo tisa. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko nilivyowasikia watu wakizungumzia nyimbo zenyewe. Inaniuma, kwa sababu inamnyang'anya Justin Vernon, mwanamuziki Mmarekani aliyeitoa albamu hii kwa jina la Bon Iver, kazi yake na kuikabidhi baridi.

Kibanda chenyewe kwanza. Ni nyumba ya mbao ya baba yake, ya kufikia msimu wa kuwinda, katika Kaunti ya Dunn, magharibi mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Si mbali na Eau Claire, mji aliozaliwa mwaka 1981. Umeme ulikuwepo, na maji ya bomba pia. Bila umeme angerekodi vipi, wakati kazi nzima ilipita kwenye kompyuta ya Macintosh yenye Pro Tools, programu ya kurekodi sauti? Wala hakuwa mtawa aliyekatiwa dunia. Baba yake alikuwa akipita kumletea chakula na bia. Mwenyewe aliwinda kulungu wawili akala nyama yao.

Halafu kuna wanaosema alikwenda kule ili arekodi albamu. Hapana. Alikwenda kwa sababu alikuwa amechoka na hakuwa na mpango mwingine. Majuma ya mwanzo, mwishoni mwa mwaka 2006, alikuwa akipanga kuni na kufanya kazi ndogondogo za pale nyumbani. Nyimbo zilikuja baadaye, na hata zilipokamilika yeye aliziona ni demo tu, rasimu za kupelekea lebo, yaani kampuni za kutoa muziki, ili zije zirekodiwe upya vizuri. Marafiki waliozisikia ndio waliomsihi aziachie kama zilivyo. Kila nikilifikiria hilo nashukuru kwamba aliwasikiliza.

Na kuachwa je? Kulikuwepo, lakini ni kipande kimoja tu cha mkosi. Mwaka 2005 alihama na wenzake wa bendi ya DeYarmond Edison kutoka Eau Claire hadi Raleigh, North Carolina, kwenda kutafuta njia. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Wenzake walibaki na kuunda kundi la Megafaun, yeye akabaki peke yake. Juu ya hayo akapata mononyukliosi, maradhi ya virusi yanayovimbisha tezi na kumlegeza mtu kwa muda mrefu, na kwake yakafika hadi kwenye ini. Alilala kitandani kwa miezi.

Hapo kitandani ndipo lilipotoka jina la Bon Iver, maana hilo si jina la mtu, ingawa wengi humwita hivyo. Akiwa mgonjwa alikuwa akiangalia tamthilia ya Northern Exposure, ambamo watu wa mji mmoja wa Alaska wanatoka nje theluji ya kwanza inapoanguka na kutakiana majira mema ya baridi kwa Kifaransa: bon hiver. Alipokuja kujua tahajia sahihi, hakuitaka. Neno hiver lilimkumbusha liver, neno la Kiingereza la ini, na ini ndilo lililokuwa likimsumbua.

Emma naye watu wamemtafuta sana. Vernon amekwisha kusema kwamba Emma si mtu, bali ni mahali unaponasa, uchungu usiofutika. Mimi naona hilo linatosha. Anayeendelea kuchimbua majina ya wanawake wa maisha yake anatafuta umbea, hatafuti wimbo.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile wanayoibeba vijana wanaorekodi vyumbani mwao: kwamba maumivu, upweke na maikrofoni moja vinatosha. Maikrofoni kweli ilikuwa ya kawaida, Shure SM57, ile utakayoikuta karibu kila studio ndogo duniani. Lakini aliyesimama mbele yake hakuwa mgeni. Vernon alikuwa ameimba kwenye bendi tangu ujanani na amekwisha kutoa albamu kadhaa kwa nguvu zake, na bendi na peke yake. Kifaa cha bei nafuu kilikuwa mikononi mwa fundi.

Na fundi huyo alibadili kitu kikubwa. Zamani aliimba kwa sauti yake nene ya kifua. Hapa akapanda kwenye falseto, ile sauti nyembamba ya juu, kisha akaanza kujirundika: anaimba mstari, anarudi mwanzo, anauimba tena juu ya ule wa kwanza, tena na tena, pengine mpaka sauti nane. Binadamu hawezi kuimba mstari mara mbili sawasawa. Pumzi moja inachelewa kidogo, noti nyingine inapanda kwa unywele, na tofauti hizo ndizo zinazokufanya usikie kwaya wakati mwimbaji ni mmoja. Maneno nayo yalikuja mwisho. Alianza na sauti tupu zisizo na maana, akazisikiliza, kisha akatafuta maneno yanayokaa ndani ya silabi zile. Ndiyo maana mashairi yake hayafunguki kirahisi hata kwa wazawa wa Kiingereza, na asiyeyaelewa asijione mjinga.

Vaa visikizio usikilize The Wolves. Wimbo unaanza taratibu, karibu uvivu. Kuelekea mwisho kifungu kimoja kinarudiwa, na kila kikirudi kimeongezewa sauti, mpaka midundo inaanza kuvurugana kama vyombo vinavyoporomoka kabatini. Mpangilio huo haukudondoka wenyewe kutoka angani. Mtu alikaa kwenye kiti, akarudia, akakata, akasikiliza, akarudia.

Wala si kweli kwamba kila sauti ni yake. Tarumbeta na tromboni unazozisikia kwenye wimbo wa For Emma zilipigwa na John DeHaven na Randy Pingrey, wanamuziki wa Boston, na Christy Smith aliongeza filimbi na ngoma. Hayo yaliingizwa baada ya kibanda.

Umaarufu nao haukulipuka usiku mmoja. Mwaka 2007 alifyatua CD 500 kwa fedha zake. Sifa zilisambaa mtandaoni, na tarehe 19 Februari 2008 lebo huru ya Jagjaguwar ikaitoa rasmi Marekani, kisha lebo ya 4AD ikaitoa Ulaya mwezi Mei. Tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora ilikuja mwaka 2012, miaka mitano baada ya CD zile, na ilikuja kufuatia albamu ya pili. Wimbo wa Holocene unaochanganywa na hizi nao ni wa albamu hiyo ya pili. Na Skinny Love, wimbo wa albamu hii ya kwanza, si wa Birdy. Binti huyo Mwingereza aliurudia vizuri sana mwaka 2011, akiwa na miaka 14, lakini mwenyewe ni Vernon.

Kwa albamu hiyo ya pili hakurudi kibandani. Yeye na kaka yake walinunua iliyokuwa kliniki ya mifugo huko Fall Creek, jirani na Eau Claire, wakajenga studio juu ya bwawa la kuogelea lililokuwa ndani ya jengo. Safari hii aliita watu, akiwemo mpiga saksafoni Colin Stetson. Nyumba imejaa wanamuziki, hakuna aliyefungiwa, na sauti zile zilizorundikwa zimo humohumo.