Kwa nini kazi zilizopangwa kwenye seva huacha kufanyika ghafla?

Msimamizi wa tovuti anaweza kugundua kwamba nakala rudufu ya mwisho ilitengenezwa wiki tatu zilizopita, ilhali seva haijazimika hata mara moja na hakuna aliyeigusa ratiba. Hilo hutokeaje?

Katika seva za Linux, kazi za namna hiyo husimamiwa na kroni, programu inayokesha na kulinganisha, kila dakika, saa ya seva na jedwali lenye safu tano za muda: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Wakati ukifika, kroni huianzisha kazi bila kufuatilia kama imefanikiwa. Ujumbe wa hitilafu hutumwa kwenye sanduku la barua la ndani ya seva, ambalo mara nyingi halifunguliwi na mtu, au hutupwa kabisa pale ambapo hakuna programu ya kutuma barua. Ukimya huo ndio unaoumiza.

Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha chochote, ni lazima ijulikane kama kroni iliianzisha kazi au haikuianzisha, na jibu limo katika faili la kumbukumbu, ambalo kwa kawaida ni /var/log/syslog kwenye Debian ya kabla ya toleo la 12 na /var/log/cron kwenye Red Hat (Debian na Red Hat ni aina mbili za Linux). Mstari wa kazi ukionekana kwa saa yake, kroni imetimiza wajibu wake. Hapo chunguza kama diski imejaa, kama toleo jipya la PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi, limehamia folda nyingine, au kama kuna faili la kufuli lililosalia kazi ya awali ilipokatika ghafla, maana kazi ikilikuta hudhani mwenzake bado anaendelea, ikarudi nyuma.

Mstari usipoonekana, huenda kroni yenyewe imesimama, au mtu aliandika amri ya kufuta jedwali, crontab -r, badala ya ile ya kulihariri, crontab -e, herufi mbili zinazopakana kwenye kibodi, na jedwali lote likafutwa bila kuulizwa. Lakini sababu inayowasumbua wengi zaidi ya inavyostahili ni kwisha muda kwa nenosiri la akaunti inayomiliki kazi hizo. Pale ambapo kanuni za usalama zinadai nenosiri libadilishwe, tuseme, kila baada ya siku 90, muda huo ukipita mfumo huikataa akaunti, na kroni hukatazwa kuendesha kazi zake, huku tovuti ikiendelea kufunguka kama kawaida kwa kuwa haihitaji nenosiri hilo. Amri ya chage -l pamoja na jina la akaunti huonyesha tarehe ya ukomo.

WordPress, programu ya kujengea tovuti, ina ratiba yake, ambayo huamshwa na wageni wanaofungua kurasa. Kurasa zikianza kutolewa kutoka kwenye hifadhi ya muda bila PHP kuguswa, hakuna wa kuiamsha; dawa yake ni kuikabidhi kroni halisi iite faili la wp-cron.php kila baada ya dakika chache.