Njiti si kila mtoto mdogo

Juzi nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisema mjamzito akivuta sigara "atazaa njiti, yaani mtoto wa chini ya kilo mbili na nusu". Hiyo "yaani" ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mtoto mwenye uzito pungufu ni aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500, hata kama mimba yake ilifika wiki 40. Mmoja unamjua kwa kalenda, mwingine kwa mzani. Wapo wengi walio vyote viwili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoota mizizi.

Neno lenyewe nalo lina lawama kidogo. Njiti ni kijiti chembamba, hasa kile cha kiberiti. Aliyelibandika kwa kichanga nadhani alitazama miguu yake, hakuuliza tarehe. Ndiyo maana kila mtoto mwembamba anaitwa njiti, na yule wa wiki 35 aliyezaliwa na kilo tatu, labda kwa sababu mama ana kisukari, anaonekana bonge la mtoto kumbe mapafu yake bado machanga. Huyo ndiye njiti halisi, na ndiye anayesahaulika. Kenya wengi husema tu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ni refu, lakini halimpotoshi mtu.

Tusijicheke sana, maana madaktari nao walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1957 mtafiti Simpson alichapisha matokeo kutoka San Bernardino, California, miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuhusu sigara na mimba. Kichwa cha makala kilitaja watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliwatambuaje? Kwa mzani, gramu 2,500, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mwaka 1961 ndipo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliposhauri kwamba mtoto mwepesi aitwe wa uzito pungufu, na kalenda iachiwe watoto wake.

Kwa sigara tofauti hii si ya walimu wa lugha. Kaboni monoksaidi ya moshi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na nikotini hubana mishipa. Mtoto anabaki tumboni siku zake zote, ila analishwa kwa mrija uliobanwa. Anazaliwa kwa wakati, akiwa pungufu kwa wastani wa gramu 200 hivi. Sigara huongeza njiti pia, hilo kweli, lakini alama yake iliyo wazi zaidi iko kwenye mzani. Mama akiacha mapema katika mimba, mtoto huzaliwa na uzito unaokaribia ule wa watoto wa wasiovuta.

Kuwatia wote kapu moja kuliwahi kuzua jambo la ajabu. Mtafiti Yerushalmy, naye wa California, alionyesha mwaka 1971 kwamba kati ya watoto walio chini ya gramu 2,500, wale wa mama wavutaji walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa wasiovuta. Wapo waliotaka kuamini sigara inawakinga! Maelezo yanayokubalika na wengi sasa ni haya: mtoto wa asiyevuta akiwa mwepesi kiasi hicho, mara nyingi kuna kitu kibaya zaidi kimemfanya hivyo, kama kasoro ya kuzaliwa. Wa mvutaji anaweza kuwa mwepesi kwa sababu ya moshi tu. Ukiwahesabu watoto wote waliozaliwa, wepesi kwa wazito, wa wavutaji ndio wanaokufa zaidi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kumwona mjukuu. Kadi ya kliniki iliandikwa wiki 39, kilo 2.3. Shangazi akamfunua khanga, akaangalia vile vidole, akasikitika: "Masikini, njiti."

"Siku zake zimetimia, shangazi," nikamwambia. "Ni mwepesi tu. Mwulize nesi kwa nini hakunenepa, usiulize kwa nini kawahi."

Akaniangalia, akamfunika mtoto. "Haya, mwepesi."