Ploti Si Pensheni, Hata Ikiwa Mayungu

Wanaonijia kwa ushauri wa pesa hapa Malindi ni wapishi wa hoteli, walinzi wa majumba ya Waitaliano, wahudumu wa baa: watu ambao waajiri wao hawana mpango wa pensheni. Ukimuuliza mtu amejiwekea nini cha uzeeni, anakujibu kwa fahari, "Mimi nina ploti." Nimechoka kulisikia.

Ploti ni mali, sikatai. Ila kazi ya pensheni ni kukupa pesa kila mwezi, na kiwanja kitupu cha kule Mayungu, jirani na mji wa Malindi, hakikupi hata ya unga. Ukiugua una miaka 63, huwezi kumega futi kumi za kona ulipe hospitali. Utauza chote, na mwenye haraka ya kuuza hupangiwa bei na mnunuzi, hasa mwezi wa Mei, hoteli zimefunga na mji mzima hauna kitu. Halafu utaulizwa hati. Wengi wenu mna karatasi ya makubaliano mliyotia sahihi mbele ya mzee wa mtaa, na hiyo haihamishi umiliki. Ikiwa ni shamba, kuna kibali cha bodi ya ardhi. Ikiwa ni mali ya ndoa, mwenzio asiporidhia hakuna mauzo.

"Lakini nitajenga vyumba nipangishe." Haya, jenga! Kodi ya vyumba hiyo nitaihesabu kuwa pensheni. Shida ni kwamba wengi hufika kwenye lenta pesa zikaisha, mvua ya masika ikaotesha majani sebuleni.

Ploti moja yatosha. Pesa za ile ya pili zipeleke kwenye mpango wa pensheni wa mtu binafsi uliosajiliwa na RBA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia pensheni. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Mipango mingi haikulazimishi kiasi kilekile kila mwezi, basi weka kikubwa Agosti na Desemba, weka kidogo Mei. Mnalalamika kwamba sehemu ya pesa hufungwa hadi umri wa kustaafu. Ndivyo ninavyotaka mimi, zisije zikaishia kwenye harusi ya mpwa wako.

"Mwajiri hana pensheni, kwa hivyo sina changu." Na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, je? Ile si hisani ya bosi. Hata mwenye mfanyakazi mmoja analazimika kisheria: asilimia 6 yako, asilimia 6 yake. Kwa mshahara wa 20,000 hizo ni 2,400 kila mwezi. Kaombe taarifa ya akaunti yako, na ukikuta miezi mitupu ilhali ulikatwa, dai. Peke yake haitoshi, lakini ni yako.

"Nitangoja pesa za wazee." Inua Jamii, ndizo hizo pesa za serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi, tena ukishafika miaka 70. Hoteli itakuaga ukiwa na 60. Hiyo miaka kumi utakula nini?

"Watoto wapo." Wapo, na wana karo za watoto wao.

"Mimi Mwislamu, pensheni ni riba." Hili angalau ni swali la haki. Ipo mipango inayofuata sharia. Kabla ya kutia sahihi, omba uonyeshwe kwa maandishi pesa zinawekezwa wapi na ni masheikh gani wanaozikagua. Wakala akianza kubabaika, ondoka.