Maracanã hauchukui watu laki mbili

Kwenye baraza za Mombasa, Majengo hadi Likoni, bado utasikia mtu akiapa kwamba uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, unachukua watu laki mbili. Hapana. Leo ni kama 78,000. Hesabu ya laki mbili inatokana na tarehe 16 Julai 1950, Uruguay ilipoifunga Brazil 2-1 hapo hapo Maracanã, mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia: tiketi zilizolipiwa zilikuwa 173,850, na waliojipenyeza bure ni juu ya hapo.

Waliwezaje kuenea? Wengi walisimama. Chini kabisa, ukingoni mwa uwanja, palikuwa na sehemu iliyoitwa geral: hakuna kiti, tiketi ya bei ya chini kuliko zote, macho yako karibu usawa wa nyasi, kwa hiyo mpira ukienda upande wa pili huuoni vizuri. Lakini ndipo kibarua wa Rio alipopata mpira wake, na ndiyo maana uwanja ule ukawa wa watu wote.

Mwaka 1992 uzio wa jukwaa la juu ulikatika, watazamaji watatu wakafa. Mwaka 2005 geral ikafungwa, vikawekwa viti. Kiti kimoja hutaka karibu nusu mita ya upana, mbali na njia za kupita. Usalama uliongezeka, jambo jema kabisa. Bei nayo ikapanda, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko idadi yoyote iliyopungua.