Walimuuza Mapema? Mapema Kuliko Nini?

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, shingo nimeinamisha, wembe uko kisogoni. Kwenye televisheni walikuwa wanacheza Chelsea. Kijana aliyekuwa anasubiri zamu akaitoa ile kauli: "Hawa si ndio walimuuza De Bruyne na Salah? Uongozi hamnazo kabisa." Kwa asiyefuatilia soka: wote wawili waliondoka Chelsea wakiwa vijana, wakaja kuwa nyota kwingine. Kinyozi akacheka, mzee wa pembeni akaunga mkono, na mimi kwa heshima ya ule wembe nikanyamaza. Nimefika nyumbani bado inaniwasha, kwa hiyo mtanivumilia.

Kazi yangu ni mikataba ya wachezaji. Nimekaa upande wa klabu, nimekaa upande wa mchezaji, na hakuna maneno yaliyonichosha kama haya mawili: walimuuza mapema. Ni sawa na kumcheka mkulima aliyeuza mahindi Juni kwa sababu wewe umeshaijua bei ya Januari. Yeye Juni alikuwa na ada ya shule ya kulipa.

Turudi Januari 2014, maana hapo ndipo kila mtu hupenda kupiga kelele. De Bruyne ana miaka 22. Chelsea ilimnunua kutoka Genk ya Ubelgiji miaka miwili nyuma kwa takriban pauni milioni 7, ikampeleka Werder Bremen kwa mkopo, akarudi vizuri. Msimu huo mbele yake wapo Hazard, Oscar, Willian, Schürrle na Mata. Ligi kuu amecheza mechi tatu. Kombe la Dunia la Brazil liko miezi sita mbele, naye hataki kwenda Brazil akitokea jukwaani. Wolfsburg inaweka mezani takriban pauni milioni 18. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya kununulia, kwa mtu anayesota benchi na ambaye mwenyewe anataka kuondoka. Nimekaa na kamati nyingi za usajili. Sijaona hata moja ambayo ingelikataa dau hilo.

Halafu watu husahau dirisha lile la usajili lilikuwa na nini kingine. Mata, mchezaji bora wa klabu kwa misimu miwili mfululizo, naye aliuzwa Manchester United kwa pauni milioni 37. Akarudishwa Matic kutoka Benfica kwa pauni milioni 21, Matic yuleyule ambaye mwaka 2011 Chelsea ilimtoa kama nyongeza kwenye dili la David Luiz. Mei 2015 Chelsea ikawa bingwa wa Uingereza, na Matic alikuwa nguzo ya ile timu. Kwa hiyo mwenye hamnazo ni nani hapo? Ndiyo, Agosti 2015 Wolfsburg walimuuza De Bruyne kwa Manchester City kwa pauni milioni 55 hivi. Mimi swali langu kwa Chelsea halijawahi kuwa kwa nini waliuza. Ni walibakiza nini kwenye karatasi, yaani mgao gani wa mauzo yake ya baadaye, walipouza. Hilo kinyozini haliulizwi.

Salah ni habari nyingine kabisa, na inaniudhi wakichanganywa kwenye sentensi moja. Chelsea ilimtoa kwanza kwa mkopo, Fiorentina kisha Roma, ndipo Roma ikamnunua moja kwa moja mwaka 2016 kwa euro milioni 15. Kama kuna aliyeumia zaidi, ni Roma. Ilimuuza Liverpool Juni 2017 kwa euro milioni 42 pamoja na nyongeza, kwa sababu ilikuwa na makubaliano na UEFA kuhusu hesabu zake na ilihitaji fedha ziingie kabla vitabu havijafungwa tarehe 30 Juni. Wiki chache baadaye, Agosti, PSG ya Ufaransa ikamchukua Neymar kwa euro milioni 222 na bei za soko lote zikapanda. Roma haikukosea umri wa mchezaji wala kipaji chake. Ilibanwa na kalenda. Msimu uliofuata Salah alifunga mabao 32 ya ligi, na sidhani kama hata mama yake alilitabiri hilo.

Mnataka mfano unaoimaliza hii hoja? Coutinho. Inter ilimuuza Liverpool Januari 2013 kwa pauni milioni 8.5, na Wataliano wakalia kwamba wameuza mapema. Miaka mitano baadaye, Januari 2018, Liverpool ikamuuza Barcelona kwa dau lililofika pauni milioni 142 ukijumlisha nyongeza. Mashabiki wa Liverpool nao wakalia. Mwezi huohuo Van Dijk alikuwa ameshafika kwa pauni milioni 75, kiangazi akaja Alisson, na mwaka 2019 kombe la Ulaya likaenda Anfield. Barcelona ndiyo iliyobaki ikitafuta pa kumpeleka. Mchezaji mmoja, mauzo mawili, kilio kilekile mara zote mbili, na kimoja kilikuwa cha bure kabisa.

Na wanaochelewa kuuza mbona hawachekwi? PSG ilikataa madau ya Real Madrid kwa Mbappé mwaka 2021. Mwaka 2024 akaenda Madrid akiwa mchezaji huru, senti haikuingia kwenye ada ya uhamisho. Dortmund ilimwachia Lewandowski bure Bayern mwaka 2014. Dele Alli, ambaye kuna wakati Ulaya nzima ilimtamani, Tottenham ilimtoa kwenda Everton Januari 2022 bila malipo ya kuanzia. Hawa hawamo kwenye orodha za "makosa makubwa ya usajili" kwa sababu hakuna picha ya mtu akibusu nembo mpya inayomuumiza shabiki.

Suala la vitabu vya hesabu nitalipitia haraka. Mchezaji uliyemnunua anabaki na thamani kwenye vitabu ambayo unaipunguza kila mwaka wa mkataba. Uliyemlea mwenyewe thamani yake ni sifuri, kwa hiyo ukimuuza, bei yote ni faida. Ndiyo hesabu iliyokuwepo City ilipomwachia Palmer, kijana iliyemlea yenyewe, kwenda Chelsea mwaka 2023 kwa pauni milioni 40 na kitu. Akafunga mabao 22 ya ligi. City ikachukua ubingwa msimu huohuo. Basi.

Ninachotaka mkielewe ni karatasi, yaani kinachoandikwa kwenye mkataba. QPR ilimuuza Raheem Sterling Liverpool mwaka 2010 akiwa na miaka 15, kwa pauni laki sita za kuanzia. Laki sita! Kama kuna mtoto aliyeuzwa mapema duniani, ni huyo. Lakini kuna mtu pale QPR, na mimi ningependa kumnunulia chai, aliandika kipengele cha asilimia 20 ya mauzo yajayo. Mwaka 2015 Sterling alipokwenda City kwa dau la hadi pauni milioni 49, QPR wakapokea mamilioni wakiwa wamekaa. Sasa mtazame Southampton na Bale. Walimuuza Tottenham mwaka 2007 kwa pauni milioni 5 na nyongeza za baadaye, halafu kwa kuwa hali ya fedha ilikuwa mbaya wakakubali kulipwa kiasi pungufu mapema na kuachana na zile nyongeza. Mwaka 2013 Bale akauzwa Real Madrid kwa bei ya rekodi ya dunia. Wote waliuza kijana. Kosa, kama ni kosa, liko kwenye aya moja ya mkataba, na hata hilo nasita kulilaani, maana mwaka 2009 kampuni mama ya Southampton iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Mwenye njaa hachagui tarehe ya malipo.

Nyumbani Tanzania, kauli hii hupewa Simba kuhusu Samatta. Kwamba Simba ilimwachia TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 mapema mno. Jamani. Kijana alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Genk, ndipo ubingwa wa Ubelgiji 2019, ndipo Aston Villa Januari 2020. Mnadhani Genk wangemfuata Msimbazi, kwa Simba? Mimi ninachouliza ni fomu ya usajili. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila msimu hadi miaka 15, nusu asilimia kwa kila msimu kuanzia 16. Klabu ya mtaani iliyokaa na kijana misimu mitatu, miaka 16 hadi 18, ina haki ya asilimia 1.5. Akiuzwa kwa euro milioni 10, hiyo ni euro 150,000. Kwa klabu inayosafiri na Coaster ya kukodi, hiyo ni bajeti ya miaka.

Ila lazima kijana awe amesajiliwa, kwa mfumo, kwa jina lake. Tangu Novemba 2022 ipo ofisi ya malipo ya FIFA pale Paris inayozigawa fedha hizi kwa kufuata rekodi za usajili. Haiendi uwanjani kumuuliza kocha nani alimfundisha kupiga chenga. Mtoto aliyecheza chandimu na ndondo kwako miaka minne bila fomu, kwa Paris hajawahi kukufahamu.

Na hapa nawageukia rafiki zangu wanaopunguza umri. Ukimsajili wa miaka 16 kama wa miaka 13, misimu ile mitatu inahesabiwa kwa robo badala ya nusu. Euro 150,000 imekuwa 75,000. Umejiibia mwenyewe, tena kwa muhuri.

Hata hivyo sijui kila kitu, na wenzangu wanaojifanya wanajua wananichekesha. Kipengele cha asilimia 20 kina gharama yake: mnunuzi hushusha dau, na wachezaji wengi huja kuuzwa kwa bei ndogo kuliko ya mwanzo au kuondoka bure, na asilimia 20 ya sifuri mnaijua. Sijui pia kama De Bruyne angekuwa De Bruyne kama angebaki London. Pengine kuuzwa ndiko kulikomtengeneza.

Miaka kadhaa iliyopita klabu moja iliniuliza kuhusu winga wao wa miaka 19. Dau lilikuwa limekuja kutoka nje, la wastani. Nikawaambia subirini, mkataba una miaka miwili, bei itapanda. Miezi minne baadaye goti likaenda. Alirudi uwanjani, lakini ile kasi haikurudi, mkataba ukaisha, akaondoka na begi lake. Hakuna aliyenilaumu, hata viongozi walisema ni bahati mbaya. Barua pepe yenye lile dau bado ninayo. Huwa naifungua kila dirisha likikaribia kufungwa na mtu akinipigia simu kuniuliza, "Mkuu, tuuze au tusubiri?"