Je, wajua majani ya mwarobaini huigeuzaje fedha, ile metali ya mapambo, kuwa kiua bakteria?

Chukua nitrati ya fedha, gramu 0.17 tu, uiyeyushe katika lita moja ya maji. Ongeza kiasi kidogo cha maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Mwanzoni ni kimiminika cha manjano hafifu. Kikipashwa moto kidogo, rangi inaanza kukolea hadi inakuwa hudhurungi. Hapo nanochembe za fedha, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zimeshazaliwa: mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kuumeza mwanga wa zambarau na buluu, wa nanomita 400 hadi 450 hivi (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita).

Nitrati ikiyeyuka, fedha huelea majini ikiwa ayoni, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni moja. Jani lina polifenoli na flavonoidi, kemikali zisizo na choyo cha elektroni. Ayoni ikipewa elektroni inakuwa atomu kamili, atomu zinashikana, chembe inakua. Ikiachwa hivyo ingegandamana na nyingine mpaka zituame chini ya chupa. Ndipo jani linapofanya kazi yake ya pili, na kwangu hiyo ndiyo kubwa: molekuli zake huivika chembe koti, nayo ikabaki ndogo, chini ya nanomita 100. Maabara inaweza kutumia haidrazini badala ya jani, ila hiyo ni sumu kali. Ndiyo maana njia ya majani huitwa ya kijani.

Sasa, inauaje? Bakteria aina ya E. coli ana urefu wa nanomita 2,000 hivi, kwa hiyo chembe ya nanomita 20 inaingia mara mia katika urefu wake. Chembe hunata juu yake, huharibu utando wa seli, huku ikiachia ayoni za fedha polepole. Ayoni hizo huing'ang'ania salfa iliyomo kwenye vimeng'enya, na kimeng'enya kilichoshikwa hivyo hakifanyi kazi tena. Upumuaji wa seli unakwama, hata DNA huharibika. Kadiri chembe zilivyo ndogo ndivyo zinavyoua zaidi, maana uzito uleule wa fedha unapata eneo kubwa la kugusa.

Kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, iliyotanda bakteria, dawa ikifanya kazi huacha duara tupu. Usishangilie mapema. Chembe zisipooshwa vizuri, duara hilo laweza kuwa kazi ya nitrati iliyobaki, ambayo nayo huua. Daktari Mjerumani Carl Credé aliitumia kwenye macho ya watoto wachanga tangu miaka ya 1880. Jaribio la kuaminika hupima pia nitrati peke yake, na maji ya majani peke yake.

Tena, kuitwa ya kijani hakuiondolei fedha madhara: ikifika mitoni huumiza viumbe wa majini. Na bakteria hawakai kimya. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi E. coli waliozoeshwa chembe hizi walivyotoa flajelini, protini ya mikia yao ya kuogelea, ikazigandamanisha chembe na kuzinyima nguvu. Kilichoizuia flajelini hiyo kilikuwa maji ya maganda ya komamanga.